Hakimu Mwenye Kwao

Hadithi hii ukiipenda kaa nayo. Usipoipenda iache hapo mlangoni, mwenyewe atapita kuichukua.

Palikuwa na fundi mizani wa Kilosa, jina lake Shaweji Mwinjuma. Soko zima lilimjua, na nusu ya soko ilimwogopa, kwa sababu alijua kila hila: nta iliyobandikwa chini ya sahani, jiwe la kilo lililosuguliwa tumbo, kidole gumba cha muuza dagaa. Siku moja akaaga nyumbani kwamba anakwenda kutafuta mawe mapya ya mizani, na kwamba atarudi kabla ya Ijumaa ya pili, maana Ijumaa hiyo dada yake Mwanaidi anaolewa, na baba yao hayupo, kwa hiyo yeye Shaweji ndiye walii wa kumwoza. Akapotea njia. Alipoteaje, tusimuulize, tutapoteza na sisi muda. Tumkute tu amesimama kwenye geti la nchi inayoitwa Kadiria.

Mlinzi wa geti hakuuliza pasi. Aliuliza:

"Kwenu wapi?"

"Kilosa."

"Una uhakika?"

"Mama yangu yuko pale sasa hivi ananisema."

"Umewahi kufukuzwa huko?"

"Na mbwa. Mara moja."

"Nyumba ipo?"

"Ipo. Bati moja linavuja."

Mlinzi akaruka kwenye kiti kama aliyekalia siafu. "Tumempata!" akapiga kelele ndani. "Jamani, mwenye kwao! Tena halisi, hata bati linavuja!" Kabla Shaweji hajafunga mdomo, wakamvika utepe wa kijani begani, wakampa kiti cha kuzunguka, wakamwambia kwamba kuanzia saa hiyo yeye ni hakimu.

Sasa, ili umwelewe Shaweji, uielewe kwanza Kadiria. Kule ni kosa kusema vitu viwili viko sawa. Ukisema wali na ugali vyote vitamu, unatozwa faini. Mapacha wakizaliwa, wanakaa hospitali mpaka kamati iamue nani mzuri. Misiba miwili ikitokea siku moja, inapangwa, wa kwanza na wa pili, na wa msiba wa pili wanatakiwa kulia kwa sauti ya chini. Shaweji aliwaona kwa macho yake wanaume wawili, wote wamefiwa na wake, wamepanga foleni dirishani, na karani anawauliza: "Wewe wako alikuwa anapika?"

Mkubwa wa mambo hayo aliitwa Mlinganishi Mkuu, Bwana Ndaro, mtu mwembamba, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuambiwa utotoni kwamba ameshika namba mbili, na hajapona.

"Mheshimiwa Hakimu," akamwambia Shaweji, "nchi yetu ina wageni wa namna mbili. Watamko na Wakilele. Wote wametoka mbali, wote wametawanyika duniani, wote wanasema wana kwao, na wote wako hapa. Nchi ina Kibali cha Utawanyiko kimoja tu. Tuliwapa vibali vya muda, kila mmoja chake, mpaka tuamue. Atakayeshinda anabaki na shule yake, maandishi yake, na majina kwenye makaburi yake. Atakayeshindwa, watoto wake wanakuwa Wakadiria wa kawaida, na makaburi yanasuguliwa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Useme nani anapakumbuka kwao zaidi. Sisi wenyewe hatuwezi, tuna upendeleo. Sheria inataka hakimu awe mtu ambaye kwao hakuna utata. Una siku saba. Ukisaini, unapata kibali cha kutoka siku hiyohiyo."

Shaweji akahesabu vidole. Siku saba, kisha safari, ni Ijumaa yenyewe. Akaona mambo si mabaya.

*

Kesho yake wakampeleka mtaani kwa wageni. Ni mtaa mmoja mrefu, Watamko upande huu, Wakilele upande ule, ila katikati pale palikuwa na nyumba mbili zilizoshikana ubavu na kutumia ukuta mmoja. Kwenye ukuta huo palitobolewa tundu la ukubwa wa birika.

Upande mmoja alikaa Bi. Yokeva, mshona nguo wa Watamko, kibibi mfupi mwenye pini kumi mdomoni na maneno mia nyuma ya pini. Upande wa pili alikaa Mzee Garabo, mshona viatu wa Wakilele, masharubu kama fagio. Birika lilikuwa moja. Asubuhi lilikuwa la bibi, mchana la mzee, na ugomvi wao ulipita kwenye tundu lilelile linalopitisha chai.

"Wewe ndiye hakimu?" Bi. Yokeva akamuuliza Shaweji. "Mbona umekonda? Kaa. Kula."

"Usile kwake," sauti ikatoka ukutani. "Itasemwa umehongwa. Njoo ule kwangu."

"Kwako kuna nini zaidi ya gundi?"

Shaweji akala kote kuwili, kwa ajili ya haki.

Alichokiona kwa Watamko ni hiki. Kabla ya chai, mkubwa kwa mdogo, wanasimama na kusema sentensi moja: *Mlango haujafungwa, tumechelewa tu.* Basi. Babu na babu wa babu walisema hivyo, kwenye miji arobaini na kwa lugha kumi na mbili, na hakuna hata mmoja katika wote hao aliyewahi kuuona huo mlango. Nchi yao walikuwa wameibeba mdomoni kama mtu anavyobeba pini.

Kwa Wakilele hakuna sentensi. Kuna mlima. Umechorwa kwenye makopo ya biskuti, kwenye mapazia, juu ya kitanda cha mtoto. Kinchi kidogo walichobaki nacho duniani kinautazama mlima huo kila asubuhi, lakini mlima wenyewe na vijiji vya bibi zao viko ng'ambo ya mto, kwa yule jirani aliyewatoa, na mto una seng'enge. Mzee Garabo alikuwa akichonga kilele kidogo kwenye kila soli aliyoishona. Ukipita Kadiria siku ya mvua, matope yote yamejaa milima, na wenye viatu hawajui.

"Mnawachafulia nchi," Shaweji akasema, akicheka.

"Hatujawachafulia. Tumewaonyesha njia," Mzee Garabo akajibu, hakucheka.

*

Siku ya nne pakafanyika Baraza la Ulinganisho. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwanza wakasimama wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Kadiria. Msomi wa Miaka akasema utawanyiko hupimwa kwa miaka, kwa hiyo Watamko wameshinda, maana wao wana maelfu. Msomi wa Umbali akasema miaka ni kuzoea. Kinachouma ni kilomita. Mtu aliye karibu na kwao asikoweza kuingia anaumia kuliko aliye mbali. Msomi wa Miaka akamwambia mwenzake kwamba hajamaliza kusoma tanbihi. Msomi wa Umbali akamwambia tanbihi yenyewe aliiandika mkewe. Wakatenganishwa na mpishi.

"Sasa wasemaji," Bwana Ndaro akatangaza. "Kila upande ulete msemaji mmoja anayelijua jambo kwa karibu. Wakilele!"

Akasimama Bi. Yokeva.

Bwana Ndaro akadhani bibi amepotea hesabu. "Bibi, nimesema Wakilele."

"Nimesikia, mwanangu. Masikio ninayo. Wakilele wamenichagua mimi. Na mimi nimekubali, ingawa chai yao ni mbovu."

"Haiwezekani! Karani! Kifungu!"

Karani akafungua sheria, akapitisha kidole, akarudia tena. "Mheshimiwa, kinasema 'msemaji mmoja anayelijua jambo kwa karibu.' Hakijasema liwe lake."

Hiyo ndiyo ajabu ya Kadiria. Walioandika sheria waliziba kila tundu, ila hawakufikiri kabisa kwamba mtu anaweza kusimama kumsemea mwenzake.

Bi. Yokeva akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa blauzi.

"Nimeishi na huyu mzee ukuta kwa ukuta miaka hamsini," akasema. "Bibi yake alikuwa na miaka tisa walipotolewa kijijini. Walitembezwa jangwani, ndugu tisa. Walifika wawili. Na yule jirani aliyewatoa mpaka leo anasema hakuna aliyetolewa. Labda walitoka kutembea, labda walichukia hali ya hewa. Sisi Watamko tulipochinjwa, dunia ilichelewa, lakini mwisho ilisema: ndiyo, waliuawa. Huyu kila mwaka anadaiwa ushahidi kwamba maiti wake wamekufa. Mnajua kazi hiyo? Uzike, halafu ubishane na aliyeua kama kuna kaburi? Na kile kinchi chao kidogo, wanakipenda, wanajenga huko shule, wanajenga zahanati. Lakini siko bibi yake alikotoka. Mjomba wake alirudi huko kwa nderemo, akakuta wanasema lugha yao kwa namna nyingine na mkate una foleni. Akaandika barua: 'Nimefika kwetu. Tafadhali nitumieni sabuni, na msije.' Alikaa huko mpaka akafa, na hakukubali mtu yeyote akiseme kinchi hicho vibaya. Hao ndio Wakilele. Nimemaliza. Nani ana maji?"

Watu hawakujua wapige makofi au waombe radhi. Bwana Ndaro akafuta jasho. "Watamko!" akaita, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

Akasimama Mzee Garabo, kofia mkononi.

"Mimi babu yangu aliujua mtofaa wake," akaanza, taratibu. "Aliweza kuniambia tawi lipi lilivunjika. Hawa hawana hata mtu aliyemjua mtu aliyekumbuka tawi. Walibaki na maneno manne. Jaribuni nyinyi kulea mtoto kwa maneno manne! Wakaenda kwenye miji ya watu, wakashona nguo za watu, wakazika wazee wao humo, wakasema, basi, pengine ndio hapa. Na kila waliposema ndio hapa, mji uleule uliwageuka. Mara ya mwisho walichomwa mtaa kwa mtaa, nchi kwa nchi, na majirani waliokuwa wanaazima chumvi kwao walitazama dirishani. Baada ya hapo wakasema, sasa mlango tutaufungua wenyewe. Wakaufungua. Ndani wakakuta watu, nao wana bibi zao na mizeituni yao, nao wanasema ndio kwetu. Huyu bibi ana mpwa wake kule. Wakipigiana simu wanagombana dakika kumi, wanalia tano, wanaulizana wamekula nini. Mpwa anasema, 'Shangazi, wewe uko mbali, hujui kitu.' Shangazi anasema, 'Mimi ndiye niliyekuwekea sentensi hiyo, mjinga wewe.' Mnadhani kuipata nchi ni kupumzika? Mimi nina nchi ninayoiona na siwezi kuingia. Yeye anayo anayoweza kuingia, na hawezi kulala. Mkitaka mshindi, mtafute kwingine."

Akavaa kofia. Kisha akamgeukia bibi: "Na chai yetu si mbovu."

Ukumbi ukalipuka. Wengine walicheka, wengine walikuwa wanapenga kamasi. Wakadiria wa kawaida waliokuja kushangaa wakaanza kuulizana wao babu zao walitoka wapi, jambo ambalo pia ni kosa. Bwana Ndaro akagonga meza mpaka kalamu moja ikavunjika.

"Hakimu! Amua!"

Shaweji akainuka na utepe wake. "Mimi ni fundi mizani," akasema. "Mizani ya sahani mbili haipimi mzigo kwa mzigo. Inapima mzigo kwa jiwe. Ukiweka gunia huku na gunia kule utajua lipi limezidi, lakini hutajua hata moja lina kilo ngapi. Jiwe lenu liko wapi?"

"Jiwe gani?"

"Mmoja wenu aliyepoteza kitu. Tumweke kwenye sahani, tuanzie hapo."

Bwana Ndaro akatazama ukumbi. Ukumbi ukatazama sakafu, na sakafuni palikuwa na matope, na kwenye matope palikuwa na milima.

"Siku tatu zimebaki," akasema Bwana Ndaro. "Baraza limefungwa."

*

Siku ya sita Bwana Ndaro alikuja mwenyewe mpaka kwenye duka la Bi. Yokeva, alikokaa Shaweji, na kibali cha kutoka kimegongwa muhuri tayari. Akakiweka juu ya cherehani. Pembeni akaweka karatasi ya hukumu, majina mawili, na nafasi ya alama moja.

"Mimi sijali nani," akamwambia Shaweji, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Weka alama tu. Nenda kamwoze dada yako."

"Nisipoweka?"

"Siku ya saba jua likizama, kwa sheria unahesabika mtu asiye na kwao, maana mwenye kwao angewahi kurudi. Kibali cha kutoka kinafutwa. Unabaki hapa kama hawa."

"Na asiye na kwao anaweza kuwa hakimu?"

"Hata kidogo! Sheria iko wazi kama maji."

"Kwa hiyo mtabaki hamna hakimu."

"Mpaka aje mwenye kwao mwingine."

"Mara ya mwisho alikuja lini? Kabla yangu?"

Bwana Ndaro alipenda kuulizwa tarehe. "Miaka kumi na tisa," akajibu kwa fahari.

"Na katika muda wote huo, shule zao?"

"Vibali vya muda vinabaki kama vilivyo, vyote viw..." Akamtazama Shaweji. Akatazama kibali chake kizuri juu ya cherehani. "Usithubutu," akanong'ona, akatoka.

Shaweji akabaki ameshika utepe. Alikuwa anamwona Mwanaidi, hina mikononi, anachungulia barabarani. Baba mdogo atasimama badala yake, atakohoa katikati ya maneno, kama kawaida yake. Mama atasema tu, "Anakuja, Shaweji anakuja," mpaka wageni waanze kumwonea huruma.

"Nenda," Bi. Yokeva akamwambia. Hakuwa ameinua macho kwenye mshono. "Usitufanye sisi sababu ya kumkosa dada yako. Shule yetu imefungwa mara tatu katika nchi tatu. Watoto walisomea jikoni. Wameunguza mandazi, lakini kusoma wanajua."

"Na akisema Watamko wameshinda?" tundu la ukuta likauliza.

"Basi wa kwako watakuja jikoni kwangu. Na wewe utaleta unga, bahili wewe."

"Nitaleta unga. Lakini wataandika herufi zetu."

"Waandike hata juu ya mandazi! Nani amewakataza?" Akamgeukia Shaweji. "Unasikia? Hatukuombi kitu. Makaburi wakisugua, majina tunayo vichwani. Weka alama uende."

Na hapo ndipo Shaweji alipokwama. Wangemwomba, angeondoka, maana wanaomwomba fundi mizani amewazoea, kila siku ya soko wapo. Lakini hawa walimfungulia mlango atoke, kisha wakarudi kugombania birika.

*

Siku ya saba jua lilipoanza kushuka, Bwana Ndaro alikuja na karani, na fomu, na watu mia wa kutazama. Walimkuta Shaweji amekaa barazani kati ya nyumba mbili, Bi. Yokeva kulia, Mzee Garabo kushoto, birika katikati. Mzee alikuwa amemshonea viatu. Utepe wa kijani ulikuwa umefungwa kwenye mkono wa birika, kwa sababu lilikuwa la moto.

"Hukumu yako," akasema Bwana Ndaro.

"Bado nanywa chai."

Jua likazama. Karani akasoma: "Shaweji Mwinjuma, kuanzia sasa wewe si mwenye kwao. Hukumu yako haitambuliki. Shauri linaahirishwa mpaka..." akageuza ukurasa, "...mpaka."

Mtaa mzima, pande zote mbili, ukapiga vigelegele. Bwana Ndaro akasubiri vitulie.

"Atakuja mgeni mwingine," akasema. "Tutasubiri."

Bi. Yokeva akacheka mpaka pini ikadondoka. "Kusubiri? Unataka kushindana kusubiri na *sisi*?"

"Mwache, jirani," akasema Mzee Garabo. "Kwa kusubiri ameshika namba tatu, ni ngeni kwake."

Bwana Ndaro akampa Shaweji fomu ya watu wa mbali. Fomu ni fupi. Ina swali moja, *Kwenu ni wapi?*, na kisanduku cha jibu chenye upana wa kucha, ili jibu lisiwe refu. Shaweji akaishika. Saa hizo Kilosa walikuwa wanapanga viti.

Akaanza kuandika. Akaandika: *Kilosa. Ukishuka stesheni usifuate lami, fuata reli.* Kisanduku kikajaa. Akaendelea pembeni: *Utapita mashamba ya mkonge upande wa kulia.* Akazunguka ukingo wa karatasi: *Ukifika kisimani ulizia kwa mama yangu Mwantumu, wote wanamjua, na wote atawasema.* Akageuza nyuma. Nyuma ikajaa. Akaingia kwenye meza ya kukunja ya karani: *Nyumba ya tano, mlango wa bluu, bati moja linavuja, ukibisha hodi wasiposikia zunguka uani.* Meza ikaisha. Bwana Ndaro akanyoosha mkono kumnyang'anya kalamu, na Shaweji akaandika juu ya mkono wa kanzu nyeupe ya Bwana Ndaro, kuanzia kifundoni mpaka kiwikoni, kwa herufi kubwa:

*Mwambieni Mwanaidi kaka yake amechelewa tu.*